Umelipa mkopo tarehe 31, mbona benki inaonyesha tarehe 1?

Tuseme umelipa mkopo wa benki kwa simu saa 5:50 usiku, tarehe 31. Ujumbe wa kuthibitisha umeingia papo hapo. Kesho yake taarifa ya benki inasema tarehe 1, na umeongezewa faini. Sababu zinaweza kuwa kadhaa. Leo tuangalie moja ambayo wateja hawaisikii sana.

Benki nyingi kubwa duniani bado zinatumia kompyuta kubwa za IBM ziitwazo meinfremu. Kazi za usiku huko huandikiwa maagizo kwa JCL, lugha ya tangu miaka ya 1960. Badala ya kubadilisha tarehe kwa mkono kila siku, fundi huandika alama kama &TAREHE, na mfumo unaweka tarehe yenyewe hapo.

Shida ni kwamba alama hiyo ni maandishi tu. Haijui hesabu, kwa hivyo huwezi kuiambia "leo toa moja". Tena hujazwa kabla kazi haijaanza na haibadiliki kazi ikiendelea. Kazi ya tarehe 31 ikichelewa kuingizwa hadi saa 6:05 usiku, na alama imewekewa tarehe ya leo, malipo yote humo yatapigwa muhuri wa tarehe 1.

Unaweza kufikiri fundi ataandika tu: kama imechelewa, tumia ya jana. Wapi! JCL ina "kama", lakini agizo la kuweka thamani ya alama, SET, haliheshimu "kama" hiyo. Linasomwa tu, sharti litimie lisitimie. Ndiyo maana benki makini huachia programu nyingine kupiga hesabu ya tarehe.

Kuna makosa mengine ambayo hayakugusi sana. Ukiandika BENKI.&TAREHE.MALIPO, nukta ya pili inamezwa, jina la faili linaharibika na kazi inakataliwa. Heri hilo, kwa sababu linaonekana mara moja. La tarehe hupita kimya kimya.

Kwa hivyo usifute ule ujumbe. Una kodi ya muamala, tarehe na saa uliyotuma. Ukipigiwa faini usiyostahili, peleka kodi hiyo benki na uombe walinganishe saa ya muamala na tarehe waliyoandika.