Tope la Sabaki Latoka kwa Wakamba

Mama wa Malindi aonapo bahari imegeuka kahawia wakati wa mvua, na ajue kuwa tope lile limeshuka na mto Athi kutoka bara, Makueni na Kitui zikiwamo, hadi Sabaki.

Huko, mito ya msimu hukingwa kwa ukuta; mchanga hujaa nyuma yake na kuhifadhi maji, nao akina mama huyafukua karibu na nyumbani. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni iliweka kanuni ya kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa mfuko wa tabianchi. Kamati za wadi ndizo zipendekezazo miradi. Mwaka huohuo ikatunga sheria ya kulinda mchanga. Ilibidi, wallahi! Malori yakishauzoa, ruzuku imejenga ukuta mkavu.