Matela ya upepo: kuibandika bila hatari
Ulilala juu, umeamka chini? Matela yako ina tundu. Ijaze upepo, pakaa maji ya sabuni, zaidi kwenye mishono na kizibo. Povu linapopanda, tia alama. Jicho peke yake linadanganya. Toa upepo wote, osha mahali pale, pakauke kabisa. Kole ya kinga inashika mpira. Matela ya plastiki inataka kole na kiraka vyake. Bandika, weka mzigo juu, ngoja siku nzima.

Usisafishe kwa esanse, wala usibandike karibu na mbabula: mvuke wake unashika moto kwa mbali. Fanyia kazi nje.

Mama, mtoto mchanga asilale juu yake hata ikiwa nzima. Inabonyea, uso unazama, pumzi inakatika.