Shule zimefungwa ghafla? Hesabu iko kwa simu yako

Mwaka 2024 shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29. Mafuriko yakaamua vingine, zikafunguliwa Mei 13. Wiki mbili hivi, mzazi yuko kazini, mtoto yuko kwa TV.

Huhitaji bando kubwa kumsaidia. Chukua jumbe zako tano za malipo ya wiki hii, unakili kiasi kilichotumwa, ada na salio kwa karatasi. Ficha salio moja, mtoto wa Gredi ya 4 alitafute. Jioni mkague pamoja. Kesho yake mpe bajeti ya shilingi 200 ya mama mboga: yeye apange orodha na ajumlishe, wewe ulipe. Akizidisha, apunguze mwenyewe nyanya au dania. (Usimsaidie haraka, hapo ndipo anajifunza.)

Nambari ya siri isiingie kwa somo hata kidogo. Na ukimwachia simu, kumbuka mtapeli akipiga akijifanya wa huduma kwa wateja, mtoto mwenye adabu atajibu kila swali, si ndivyo tulivyomlea? Mfanyie mazoezi leo: wewe uwe mtapeli, yeye aseme “piga baadaye” na akate.