Thomas na kidole chake

Namna gani kumufasiria mutoto maisha ya watoto waliotumika zamani katika viwanda vya nguo? Ukimupa hesabu na miaka tu, kesho amesahau. Mimi naona ni heri kuanza na mutoto mumoja.

Thomas Priestley alikuwa na miaka 13 katika mwaka 1806. Alitolewa katika nyumba ya maskini ya Hackney, London, akatumwa mbali kwenye kiwanda cha Quarry Bank, kijijini Styal, Uingereza. Samuel Greg alikijenga mwaka 1784 kando ya muto Bollin, na maji ya muto yalizungusha mashini za kusokota pamba. Kulikuwa na nyumba ya watoto, ambamo siku moja walifika karibu 90. Walitumika masaa 12 kwa siku, siku 6. Mushahara hakuna: posho, nguo na kitanda, tena kitanda kimoja kwa watoto wawili. Wadogo waliingia chini ya mashini, nayo inazunguka, kuokota pamba iliyoanguka. (Na pamba hiyo, nyingi yake ilivunwa na watumwa. Hilo pia mutoto alijue.)

Mashini ikamukata Thomas kidole. Alipokuwa anauguzwa, akaanza kuwaza mama yake. Basi yeye na Joseph Sefton, kijana wa miaka 17, wakatoroka mpaka London. Waliposimama mbele ya waamuzi, maneno yao yaliandikwa, ndiyo sababu tunawajua leo. Joseph hakumulalamikia bwana wake. Alitaka kuona mama tu.

Jioni, musimulie watoto habari hii, kisha munyamaze kidogo. Mumoja atauliza: «Kama alikula vizuri, alitoroka juu ya nini?» Usijibu mbio, mwenzake ajibu. Watoto wetu, wanaoona wenzao wakiosha mawe kwenye machimbo, hawatakosa neno.

Leo kiwanda kile ni makumbusho; wanafunzi wanaingia katika nyumba ya watoto na kusikia makelele ya mashini. Sisi hatuna mashini, lakini pamba iko. Mupe mutoto kipande, asokote uzi kwa vidole nusu saa bila kuinuka.

Akiuliza kama sheria haikuwako, mumuambie kweli. Sheria ya mwaka 1833 ilikataza watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na wale wasiofika 13 wasipite masaa 9 kwa siku. Wachunguzi wa kwanza, kwa inchi nzima, walikuwa 4.