Gonga M Kwanza, Wembe Baadaye

Ruracio ya Kiambu ikibamba, hakuna mtu hukumbuka kuna msee ataikalia baadaye. Kamera mbili, droni ya kukodi, wazee wanabonga mafumbo ya mbuzi, masistee wamefunikwa leso mpaka kwa miguu ndio chali achague wake, na akikosea anapigwa faini. Jioni ikifika uko na masaa sita za futeji. Na bibi mwenyewe ashakutext kuuliza video iko wapi.

Sasa hapo ndio maedita wengi huanguka. Wanamwaga mzigo yote kwa taimlaini, wanashika wembe, wanaanza kukatakata toka dakika ya kwanza. Saa nane usiku msee bado anaburuta hiyo kitu mbele na nyuma akisaka ile second shosh alisema mbuzi ni wachache. Ameipata, ameipoteza, ameipata tena. Kazi ya siku mbili inakuwa ya wiki, na doh ni ile ile.

Sare wembe kwanza. Keti, piga L video iende, K isimame, J irudi nyuma. L mara mbili inaenda mbio, na wazee wakibonga pole pole, amini nakwambia bado utawaskia fiti. Kitu ikikugusa, gonga M. Hiyo tu. Maka inakaa hapo, video inaendelea kucheza, hujasimamisha chochote. Kwa Premiere ni M, kwa DaVinci Resolve ni M, na Resolve iko na version ya bure, kwa hivyo hata ukisota hauna excuse. Ukigonga M mara mbili kisanduku inafunguka unaandika jina. Andika kitu utaelewa kesho: "shosh anakataa mbuzi", si "nice part". Hizo nice part zikifika arobaini utajiskia mjinga.

Mimi huwa naamini hii ndio part ya maana kushinda kukata kwenyewe. Mara ya kwanza kucheki futeji ndio mara pekee unaiona vile mtu wa nje ataiona. Ukicheka, watu watacheka. Ukiboeka, wataboeka. Ukishaicheki mara kumi umezoea, unaanza kudanganywa na shot ya droni juu ilikuwa ngori kuipiga, na kumbe haina story. Walter Murch, mmoja wa wale walikata Apocalypse Now ya 1979, anajulikana kwa kuediti akiwa amesimama, na pia kwa kuandika vile amefeel akiona futeji mara ya kwanza. Yeye alikuwa anaandika. Wewe uko na M. Gonga kabla akili ianze kubishana na roho.

Rangi nazo, usichizi. Premiere inakupea nane, Resolve kumi na sita, na kuna wasee wanatumia zote mpaka taimlaini inakaa nganya ya Rongai. Nne zinatosha: nyekundu ya machozi na kicheko, kijani ya maneno lazima yaingie, njano ya sauti iko na shida, buluu ya picha safi za kujazia. Ukihitaji ya tano pengine bado hujajua unataka video gani.

Kuna mtego hapa. Maka inaweza kukaa kwa klipu ama ikae kwa taimlaini yenyewe, na hizo ni vitu mbili. Ya klipu inatembea na klipu popote utaipeleka. Ya taimlaini inabaki pale juu kwa dakika yake. Ukitoa kipande huku chini na kufunga pengo, picha zote zinasonga lakini maka imekaa tu hapo, sasa inaonyesha mzee anakunywa uji badala ya mathee akilia. Premiere iko na setting ya kufanya maka za taimlaini zisonge pamoja na picha. Washa hiyo kitu. Ama maki ukiwa bado kwa klipu, kabla ishuke chini.

Ukimaliza kumaki, rudi kwa zile kali. I mahali inaanza, O mahali inaisha, halafu Ctrl na U kwa Premiere, Alt na B kwa Resolve. Hiyo ni sabklipu. Ipe jina, itupe kwa folda yake: "Wazee", "Leso", "Densi". Masaa sita zimekuwa vipande hamsini zenye unaweza kuzipanga bila kutense.

Na hadi diski haijai. Sabklipu haikopi faili. Inajua tu ianzie wapi na iishie wapi ndani ya ile klipu kubwa. Ndio maana ukifuta faili ya mama kwa diski ati unatafta nafasi, watoto wote wanazima pamoja. Usiguse hiyo faili mpaka klayanti alipe balansi.

Ingine: usikate sabklipu karibu na mdomo wa mtu. Wacha sekunde mbili huku, mbili kule, juu utahitaji mahali pa kuingizia mziki na kufifisha picha. Premiere ikikuuliza kama unataka kufungia mipaka ya sabklipu, toa tiki, ndio uweze kuirefusha baadaye.

Kwa video ya ngoma hii mchezo inanoga zaidi. Weka trak ya arbantone, cheza, gonga M kila kick ikidunda kama unapiga meza ya kibanda. Sasa uko na ramani ya midundo. Lakini usikate kila maka, boss. Ruka mbili, kata ya tatu, wacha msanii apumue. Video zenye zinakata kila mdundo zinachosha macho kabla ya verse ya pili.

Tukirudi kwa ruracio, maka zingine zinakulipa baadaye. Auntie ako Dallas, hawezi keti masaa matatu kungoja densi ya wamama. YouTube inakubali chapta ukiandika dakika kwa maelezo: ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe angalau tatu, kila moja isipungue sekunde 10. Hizo sehemu si ushazimaki? Soma dakika zake kwa video imeshakatwa, uziandike hapo.

Halafu wiki mbili zikiisha, bibi atakupigia. Anataka kakipande ka kuposti, kale guka alidensi na fimbo. Unaandika "guka" kwa search, sabklipu inatokea, dakika tano umemtumia. Na invoisi yake ni ingine.