Theluji, Barafu na Maji: Setilaiti Inaona Nini Juu ya Kilimanjaro?



1. Utangulizi

Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini mhadhara wa taaluma za Kiswahili umepewa mada inayohusu setilaiti, theluji na maji. Swali hilo ni la haki. Katika mhadhara huu ninakusudia kueleza jinsi vyombo vya angani vinavyotumika kuchunguza theluji na hazina ya maji, na kuonyesha kwamba kazi hiyo haikamiliki bila lugha. Chombo hupima mwanga, kimo au uzito. Anayekitafsiri kipimo hicho kuwa habari ni mwanadamu, naye hufanya hivyo kwa maneno. Maneno yakivichanganya vitu viwili vilivyo tofauti, kipimo sahihi kabisa huweza kuzaa hitimisho la makosa. Mfano wangu mkuu utakuwa Mlima Kilimanjaro, ambako kosa la namna hiyo linagusa maji ya kunywa na ya kumwagilia mashamba.

Uchunguzi wa kitu bila kukigusa, kwa kupima mwanga au mawimbi yanayotoka kwake, nitauita utambuzi wa mbali. Jambo lenyewe si geni. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kutoka pwani pamoja na kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, aliona kwa mbali weupe juu ya kilele. Rebmann aliamini kuwa ni theluji. Kiongozi wake, kwa mujibu wa maelezo ya Rebmann mwenyewe, aliuita weupe ule baridi tu. Habari ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa. Hakukubali kwamba theluji ingeweza kudumu karibu na ikweta. Hivyo watu watatu walitofautiana juu ya weupe mmoja. Maswali waliyoyazusha ndiyo tunayoyauliza hadi leo: weupe ule ni kitu gani, na una maana gani kwa wanaoishi chini yake?

2. Maneno mawili kutoka ng'ambo

Kiswahili sanifu kina maneno mawili ya msingi katika uwanja huu. Theluji limetokana na neno la Kiarabu thalj, ambalo kwa Waarabu huweza kuwa theluji na huweza kuwa barafu. Neno barafu asili yake ni barf la Kiajemi, ambalo katika lugha hiyo ni theluji. Barafu kwa Waajemi ni yakh. Katika Kihindi na Kiurdu, barf limebeba maana zote mbili. Kwa hiyo maneno yetu yote mawili yalianza safari yakiwa na uwezo wa kutaja theluji, na Kiswahili ndicho kilichoyagawia kazi: theluji ikawa ile laini inayoanguka kutoka mawinguni, na barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu. Tunayo pia sakitu, umande ulioganda ardhini, na mvua ya mawe.

Mgawanyo huo ni mzuri, ila katika mazungumzo ya kila siku hauzingatiwi. Tunasema theluji ya Kilimanjaro tukiwa na maana ya kila kilicho cheupe kileleni. Mtaalamu wa utambuzi wa mbali hawezi kujiruhusu uhuru huo. Theluji huanguka usiku mmoja na huweza kutoweka baada ya siku chache. Barafu ya Kibo ni limbikizo la theluji ya miaka mingi sana, na kupungua kwake hupimwa kwa miongo. Aidha, kuiita mto wa barafu kila mahali si sahihi. Baadhi ya barafu katika miteremko hutiririka polepole, lakini sehemu kubwa ya ile iliyoko juu ya tambarare ya kilele imesimama kama ukuta wenye kingo wima. Hiyo nitaiita uwanda wa barafu.

3. Jinsi setilaiti inavyoitambua theluji

Setilaiti ya kwanza katika mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwezi Julai 1972. Vyombo vya mfululizo huo huizunguka dunia vikipita karibu na ncha zake. Tangu mwaka 1982 vimebeba vipimio vinavyoigawa ardhi katika miraba yenye upande wa meta 30, na kila mraba, yaani pikseli, hupewa tarakimu zinazoonyesha kiasi cha mwanga kilichoakisiwa katika kila aina ya miali.

Ifahamike kwamba setilaiti haioni weupe kama tuuonavyo sisi. Lau ingetegemea weupe peke yake, ingeshindwa kutofautisha theluji na wingu. Siri iko katika miali ambayo jicho halina uwezo wa kuiona. Theluji huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa kijani, lakini hufyonza sana miali ya infraredi ya mawimbi mafupi. Mawingu mengi huakisi aina zote mbili. Kwa hiyo wataalamu huchukua kiasi cha kijani, wakatoa kile cha infraredi, kisha wakagawanya kwa jumla ya viwili hivyo. Mathalani, pikseli ikiakisi asilimia 85 ya kijani na asilimia 10 ya infraredi, fahirisi yake inakaribia 0.8. Wingu linaloakisi asilimia 70 na 50 litapata chini ya 0.2. Kwa kawaida, pikseli inayozidi 0.4 huhesabiwa kuwa na theluji.

Hata hivyo, fahirisi hii ina mipaka yake. Haipenyi mawingu, na mlima wa ikweta hufunikwa na mawingu mara nyingi. Pia, barafu nayo huweza kuvuka kizingiti hicho. Fahirisi hueleza kwamba juu ya ardhi pana kitu cheupe kilichoganda. Haielezi kama kiliganda jana au karne zilizopita.

4. Picha mbili za Februari

Udhaifu huo ulijitokeza waziwazi katika picha mbili mashuhuri za Landsat, moja ya Februari 1993 na nyingine ya Februari 2000. Katika ya kwanza kilele kimefunikwa na weupe mpana. Katika ya pili umebaki mabaka machache. Picha hizi zilienea sana duniani, na watazamaji wengi walidhani kwamba barafu yote ile ilikuwa imeyeyuka katika miaka 7. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa theluji ya msimu: mwaka 1993 ilikuwa imeanguka karibuni, na mwaka 2000 haikuwapo. Mwezi ulikuwa uleule, chombo kilikuwa cha jamii ileile, lakini kilichopigwa picha kilikuwa vitu viwili.

Isidhaniwe kwamba barafu haipungui. Inapungua, na vipimo makini vinathibitisha hivyo. Mwaka 1912 ilikuwa na eneo la takriban kilometa za mraba 12. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa imebaki takriban 2.6, na mwaka 2011 ilikuwa chini ya 1.8. Sababu zake ni za kufikirisha. Wastani wa joto kileleni uko nyuzi kadhaa chini ya sifuri, hivyo barafu nyingi hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Kingo zake wima huliwa na miali ya jua, na theluji inayoanguka haitoshi kufidia kinachopotea. Watafiti kama Georg Kaser na wenzake wamesisitiza kwamba ukavu wa hewa, ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, una nafasi kubwa katika kupungua huko. Ukavu huo nao hauwezi kutenganishwa na mabadiliko ya tabianchi katika eneo pana la Bahari ya Hindi.

Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba, mwenendo ukiendelea vilevile, barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki yangalipo, ingawa yamedhoofika. Wako waliosema kwamba sayansi imeongopa. Wanaosema hivyo wamelisahau neno dogo la sharti, ikiendelea, ambalo katika Kiswahili hubebwa na kiambishi kimoja tu, -ki-. Kiambishi kikidondoka njiani, makadirio hugeuka kuwa utabiri.

5. Eneo si kiasi

Mpaka hapa tumezungumzia eneo. Anayesimamia maji huhitaji kiasi. Katika nchi ambazo mito yake hulishwa na theluji, kama zile za chini ya Himalaya au magharibi ya Marekani, mlima ni tangi: hujaa wakati wa baridi na kufunguka wakati wa joto. Huko swali la msingi ni kina cha maji ambacho kingepatikana lau theluji yote ingeyeyushwa pale ilipo. Theluji mpya yenye kina cha sentimeta 10 aghalabu hutoa takriban sentimeta 1 tu ya maji. Iliyoshindiliwa hutoa zaidi.

Ili kukadiria kina hicho hutumika mawimbi ya mikrowevu ambayo ardhi yenyewe huyatoa usiku na mchana. Yakipita katika theluji, chembe zake huyatawanya. Kadiri theluji inavyozidi, ndivyo mawimbi yanayofika angani yanavyopungua. Njia hii hupenya mawingu, lakini pikseli zake zina upande wa kilometa nyingi, na theluji ikilowa au ikiwa nene mno, kipimo huharibika. Kibo chote kingepotea ndani ya pikseli moja ya namna hiyo.

Ziko pia setilaiti zinazopima maji kwa kimo na kwa uzito. Tangu mwaka 1992, rada za angani zimekuwa zikipima kimo cha bahari na maziwa. Kwa njia hiyo, kushuka kwa Ziwa Viktoria mwaka 2005 na 2006, na kupanda kwake hadi kuzidi kiwango cha 1964 hapo mwaka 2020, vilifuatiliwa kutoka juu pamoja na vipimo vya ufukweni. Setilaiti pacha za GRACE, zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2017 na kurithiwa na nyingine mwaka 2018, hufuatana kwa umbali wa takriban kilometa 220. Ile ya mbele ikikaribia eneo lenye uzito mkubwa zaidi, huvutwa kidogo na kuiacha mwenzake. Badiliko hilo dogo la umbali ndilo linalofichua ongezeko au upungufu wa maji, hata yaliyo chini ya ardhi.

6. Maji ya Kilimanjaro yanatoka wapi?

Sasa turudi mlimani tukiwa na swali la kiasi. Wengi huamini kwamba mito na mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, hulishwa na barafu, na kwamba vijito vikikauka ni kwa sababu barafu imekwisha. Tufanye hesabu nyepesi. Tuchukulie kwa ukarimu kwamba barafu ina kilometa za mraba 2, na kwamba kila mwaka hutoa kina cha meta 1 ya maji. Hayo ni meta za ujazo milioni 2. Ukanda wa msitu una takriban kilometa za mraba 1,000, na katika sehemu zenye mvua nyingi za mteremko wa kusini hupata zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka. Tukichukua wastani wa milimeta 1,500 tu, tunapata meta za ujazo bilioni 1.5. Hata robo tatu yake ikirudi hewani, kinachobaki ni zaidi ya mara 180 ya maji ya barafu.

Tangi la Kilimanjaro, kwa hiyo, ni msitu. Na hapo setilaiti zina habari nyingine ya kutupa. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyelichunguza eneo hilo kwa miaka mingi, alionyesha katika makala yake ya mwaka 2005, akilinganisha picha za Landsat za 1976 na 2000, kwamba moto umekula misitu ya juu na kuushusha mpaka wake. Miti ile hukamata ukungu na kuudondosha ardhini kama maji. Ikiungua, ukungu hupita bure. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulitukumbusha kwamba hatari hiyo haijaisha. Anayelilia weupe wa kilele peke yake ameupa kisogo msitu unaomnywesha.

7. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba setilaiti hupima sehemu moja ya jambo kwa wakati mmoja: rangi, eneo, kina, kimo au uzito. Ni wajibu wa lugha kuhifadhi mipaka hiyo. Ninapendekeza kwa wanafunzi wa istilahi kazi tatu. Kwanza, theluji, barafu, uwanda wa barafu na mto wa barafu vitofautishwe katika vitabu vya kiada na katika habari. Pili, eneo na kiasi visitumiwe kama visawe. Tatu, viambishi vya sharti na makadirio vitunzwe katika tafsiri za kisayansi kama tunavyotunza tarakimu.

Bwana Kheri aliuita weupe ule baridi, na hakukosea. Alitaja alichokijua kwa ngozi yake. Sisi tumepewa jicho linaloona zaidi. Mkulima wa Moshi anayeuliza kwa nini mfongo wake umekauka anastahili jibu la kweli, kwa lugha yake, lenye kumwonyesha mahali pa kuanzia kazi.