RAM ya 3200, Kompyuta Inasoma 1600

Mtu ananunua RAM iliyoandikwa DDR4-3200, anaichomeka, anafungua programu ya CPU-Z kuikagua, na kwenye mstari wa kasi anakuta megahezi 1,600 au pungufu kidogo. Mwingine ananunua yenye maandishi hayo hayo, yeye anasoma 1,066. Wote wawili watadhani wameuziwa bandia, na mafundi wengi watawapa jibu moja: zidisha kwa mbili. Jibu hilo linamfaa wa kwanza tu. Wa pili akizidisha anapata 2,133, na theluthi nzima ya kasi iliyotangazwa haipo. Mapengo haya mawili yana asili tofauti kabisa, na kuyachanganya kunamnyima mnunuzi utetezi pale hasa anapouhitaji.

Tuanze na lile lisilo na madhara. RAM za zamani za PC133 zilipeleka data mara moja kwa kila pigo la saa ya umeme, hivyo 133 ilikuwa 133 kwa maana zote. Mwaka 2000, JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya kumbukumbu za kompyuta, kilichapisha kiwango cha DDR, na data ikaanza kusafiri pigo linapopanda na linaposhuka pia, kama msumeno wa watu wawili unaokata ukienda na ukirudi. Wapo wanaosema huku ni kukuza namba kwa ajili ya biashara. Hesabu inawakatalia. Saa ya DDR4-3200 hupiga mara milioni 1,600 kwa sekunde, data huhama mara milioni 3,200, na kila mhamo hubeba biti 64, yaani baiti 8. Jumla ni gigabaiti 25.6 kwa sekunde, ndiyo maana RAM hiyo huitwa pia PC4-25600. Kasi ipo, kilichokosewa ni kipimo. Megahezi hupima mapigo, lakini matangazo yaliendelea kuandika “3200 MHz” ilhali kinachohesabiwa ni mihamo, ambayo kipimo chake ni MT/s, yaani mihamo milioni kwa sekunde. Hata Windows iliandika megahezi kwa miaka mingi kabla ya kusahihisha.

Pengo la pili ni zito zaidi. Kila RAM ina chipu ndogo iitwayo SPD, ambayo kompyuta huisoma inapowaka ili kujua iiendeshe vipi. Kwa RAM nyingi zinazouzwa kwa wapenda michezo, humo mna kasi ya kawaida ya JEDEC, tuseme 2,133 kwa volti 1.2, na kando yake mpangilio wa ziada: 3,200 kwa volti 1.35. Mpangilio huo Intel iliuita XMP ilipouanzisha mwaka 2007. AMD ilileta wake, EXPO, mwaka 2022. BIOS, programu ya bodi inayoiwasha kompyuta, huchagua ile kasi ya kawaida mpaka mwenye mashine aamue vinginevyo, na hapo haina kosa, maana kompyuta lazima iwake kwanza. Tatizo ni kwamba zipo pia DDR4-3200 zinazofika 3,200 zenyewe, kwa volti 1.2, bila kuguswa. Namba ya mbele ni moja, bidhaa ni mbili.

Muuzaji atasema kuingia BIOS na kuwasha XMP ni kazi ya dakika chache. Ni kweli, kama bodi inaruhusu. Laptop nyingi hazina kabisa chaguo hilo, na Intel yenyewe huhesabu XMP kuwa ni kuendesha mashine nje ya vipimo vyake. Kasi ya namna hiyo ina masharti, na masharti yalipaswa kusomeka kabla ya kulipa. Huko Marekani suala hili lilifika mahakamani, na mwaka 2025 Corsair ilikubali kulipa dola milioni 5.5 kumaliza kesi ya wanunuzi waliolalamikia matangazo ya kasi za RAM zake, bila kukiri kosa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mtumiaji wa kawaida hatahisi tofauti. Lina ukweli ndani yake. DDR3-1600 ya CL8 (CL ni idadi ya mapigo ya saa yanayosubiriwa kabla data haijaanza kutoka), DDR4-3200 ya CL16 na DDR5-6000 ya CL30 zote huchukua nanosekunde 10 kuanza kutoa data iliyoombwa, na anayeandika barua hawezi kuzitofautisha. Lakini kompyuta isiyo na kadi ya michoro ya peke yake hutumia RAM hiyo hiyo kuchora kila picha kwenye skrini, na hapo kushuka kutoka gigabaiti 25.6 hadi 17 kwa sekunde huonekana wazi mara tu mchezo unapofunguliwa. Wenye mashine za aina hii ni wengi, na mara nyingi ndio wasio na fedha ya kununua tena.

Lebo ya haki ingebeba namba mbili, zote kwa MT/s: kasi ambayo RAM huwaka nayo, na ile inayofikiwa kwa XMP au EXPO pamoja na volti zake. Kiwanda hakihitaji kupima kitu kipya ili kuzichapisha. Tayari kimeshaziandika zote ndani ya SPD, na CPU-Z huzionyesha kwenye jedwali moja, safu za JEDEC zikifuatwa na ya XMP.